Kilindini, Kilindoni, Kilindi na Lindi: hawa ni wajina tu au ni ndugu wa damu?

#1 Kilindoni Damu
Wakuu, habari za jioni.
Mimi kwetu ni Mafia, nimezaliwa na kukulia Kilindoni, ila kwa sasa natafuta riziki Dar. Wiki iliyopita nilimwambia dada mmoja kazini kwamba Ijumaa naondoka kwenda Kilindoni kumwona bibi. Akafurahi kweli: "Kumbe na wewe ni mtu wa Mombasa!" Yeye alisikia Kilindini. Nikamweleza, akacheka, kisha akaniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo: "Sasa nani kamwiga mwenzake?"

Nimekaa nimelifikiria. Mombasa kuna Kilindini. Mafia kuna Kilindoni. Tanga kuna wilaya ya Kilindi. Kusini kuna Lindi. Madai yangu ni haya: hawa si wajina waliokutana njiani, hawa ni watoto wa tumbo moja. Mama yao ni neno KILINDI, yaani maji yenye kina kirefu. Mabaharia wa zamani walipopata mahali pa kutia nanga bila kukwama mchangani, wakapaita hivyo, wakaenda na jina pwani nzima.

Naomba kuwasilisha. Mwenye kunipinga aje na hoja.

#2 Mpenda Visa
Nimeweka mkeka hapa. Wataalamu wa lugha waje.

#3 Mwalimu wa Nahau
Mkuu #1, umeanza vizuri ila umeruka shimo. Kilindi ukikiongezea -ni unapata Kilindini. Hapo Mombasa hatuna ugomvi. Sasa niambie hiyo O ya Kilindoni imetoka wapi? Kwa kanuni ya kawaida, Kilindoni lazima itokane na KILINDO.

Na kilindo ni neno la Kiswahili, tena lina njia mbili. Ya kwanza, kilindo ni kile chombo cha gome la mti, cha duara, watu wa zamani walikuwa wanawekea unga, nafaka, hata nguo. Ya pili ni kutoka kitenzi kulinda: lindo ni mahali pa kulindia, kama lile la shambani la kufukuzia ndege na nguruwe. Lindo dogo ni kilindo. Kwa hiyo Kilindoni inaweza kuwa "kwenye kilindo", mahali palipokaa walinzi wakitazama bahari.

Kwangu mimi Kilindini na Kilindoni ni wajina wa mbali. Wanafanana sura, baba tofauti.

#4 Mwana Mvita
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie ni mzaliwa wa Mombasa, kwa hiyo hapa mumegusa kwetu.

Musisahau kwamba Kilindini si maji pekee. Ni watu. Katika Thenashara Taifa, zile kabila kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, kuna Miji Mitatu: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Hao tisa waliobaki ndio Miji Tisa. Sasa hapa ndipo pana swali: je, Wakilindini waliitwa hivyo kwa kuwa walikaa penye kilindi, au bandari imeitwa Kilindini kwa kuwa ndio kwao Wakilindini? Wazee wetu wengine husema jina lilikuja na watu, watu wakalishusha pale. Ukisema mabaharia tu, wawafuta wenyeji.

#5 Nahodha Mstaafu
Salaam. Mimi nimetia nanga pote huko, nazungumza kwa maji, si kwa kitabu.

Kilindini ya Mombasa ni kilindi kweli. Ni mkono wa bahari ulioingia ndani, maji yake ni ya kina, meli kubwa inaingia mpaka gatini. Ndiyo maana bandari kubwa ikajengwa upande ule, ile ya zamani ya upande wa Mji wa Kale ikabaki ya majahazi.

Kilindoni ya Mafia ni habari nyingine. Ufukwe wake ni wa kukupwa. Maji yakitoka, hasa siku za bamvua, mashua inalala ubavu na abiria anashuka na viatu mkononi. Kabla ya gati tumewabeba sana akina mama mabegani pale. Sasa kijana #1, kilindi kiko wapi hapo? Mimi naungana na mwalimu #3.

#6 Kilindoni Damu
Nahodha, shikamoo. Nakuheshimu, lakini umetazama ufukwe, hukutazama nje. Chombo kikubwa kinatia nanga mbali kidogo, na huko kina kipo. Fikiria pia kwamba makao ya utawala Mafia yalikuwa kisiwa kidogo cha Chole, na ni Wajerumani walioyahamishia Kilindoni kabla ya vita ya kwanza. Mtu mwenye meli ya moshi angeacha Chole aje mahali pasipo na maji? Kuna kilichomvuta.

Kuhusu O na I, mwalimu, majina ya mahali yanazungumzwa na wavuvi karne na karne, hayakai darasani kusubiri kanuni.

#7 Mwalimu wa Nahau
Mdomo unapogeuza neno huwa kuna njia unaifuata. Ukiniletea hata jina moja jingine la Mafia ambalo I imekuwa O kabla ya -ni, nitakubali leo leo.

#8 Mgosi wa Bumbuli
Wagosi mpo? Naona mmeitaja Kilindi yetu, mkaitupa kapuni na bahari. Hapana jamani.

Kilindi haina bahari. Ni milima, mapori na mahindi, makao makuu yake Songe, wenyeji wake ni Wazigua na Wanguu. Na jina lile ni zito kwa sisi Wasambaa kwa sababu Mbegha, mwindaji aliyekuja kutawala Usambaa, alitoka upande huo wa Nguu. Ukoo wake ni Wakilindi. Walikaa Vuga, wakatawala mpaka enzi ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, ambaye sauti yake ilifika pwani. Kwa hiyo kwetu Kilindi ni ukoo wa wafalme. Nanga na kina vimeingiaje?

#9 Mpenda Visa
Mgosi, lakini Kilindi si wilaya ya zamani hivyo? Nilidhani ipo toka uhuru.

#10 Mgosi wa Bumbuli
Hapana, wilaya ni ya juzi. Ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Jina ndilo la zamani, wilaya imelirithi.

#11 Mchinga Kwetu
Lindi hapa. Nimesoma kimyakimya, sasa niseme.

Lindi ni shimo. Hata nje ya mji wetu, Kiswahili kinajua lindi ni shimo refu. Ukiweka ki- ya udogo unapata kilindi. Kwa maana hiyo mkuu #1, umekosea mama. Mama si kilindi. Mama ni LINDI, hao wengine ni watoto, mnaona hata kwa umbo la neno. Ghuba yetu, pale mto Lukuledi unapoingia baharini, imekaa kama shimo limezungukwa na vilima. Ukishuka kutoka Mitwero ukaiona mara ya kwanza unaelewa bila kuambiwa.

Heshima itolewe kwa mama.

#12 Kilindoni Damu
Mchinga, hiyo nimeipenda kuliko yangu. Nakubali kupanda ngazi: babu Lindi, mama Kilindi.

#13 Mwalimu wa Nahau
Taratibu. Kuna wazee wa Lindi pia wanaosema jina lilitokana na kulinda, kwamba palikuwa na lindo. Nilifundisha huko miaka minne, nimezisikia zote mbili kwenye baraza moja, jioni moja, na kila mzee aliapa.

#14 Boyoma
Jambo bandugu. Miye niko mutu ya Kisangani, Kongo. Nasoma ninyi na nashangaa, maana huku kwetu kuko muto moja mukubwa, jina yake Lindi. Muto Tshopo inaingia mu Lindi, njo Lindi inaingia mu muto Kongo, chini kidogo ya muji. Bavuvi biko pale kila siku.
Sasa Lindi ya kwetu iko mbali sana na bahari yenu. Ile Lindi nayo ni ndugu?

#15 Mpenda Visa
Karibu sana ndugu Boyoma. Hapo umetia kuni motoni.

#16 Mchinga Kwetu
Karibu nyumbani, Lindi ni Lindi. Biashara ya misafara ya pembe ilifika mpaka maporomoko ya Kisangani, Waswahili wakakaa huko. Pengine mtu wa kwetu aliuona mto una kina akakumbuka kwao.

#17 Mwalimu wa Nahau
Mchinga, hapo siendi na wewe. Mto ni mkubwa, wenyeji walikuwepo na lugha zao kabla ya misafara. Hawakungoja mgeni awape jina la mto wanaokunywa. "Lindi" ni silabi mbili za kawaida kabisa katika lugha zetu za Kibantu. Maneno mafupi hugongana. Mfano wa hukohuko: Kongo kuna mji wa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, na ndani ya ziwa hilo upande wa Zambia kuna kisiwa cha Kilwa. Mtu wa Kilwa Kivinje akifika pale adai urithi?

#18 Boyoma
Ndiyo mwalimu, Kilwa ya Katanga naijua. Bantu ya kule hawasemi kama batoka Kilwa ya bahari. Lakini na miye sikatai ya Mchinga. Nitauliza bazee ya Wagenia, beko bantu ya muto toka zamani.

#19 Muuza Dagaa
Nyie mnabishana asili, sisi wenzenu majina haya yanatula pesa. Mwaka juzi mteja alinipigia: "Nitumie magunia mawili, niko Mombasa." Nikafunga mzigo, nikauliza nauli ya basi la kuvuka Horohoro, nikapiga hesabu ya kila kitu, nikamtajia bei. Mtu akanyamaza, kisha akasema kwa upole: "Kaka, niko Ukonga Mombasa, hapa karibu na Gongo la Mboto. Panda daladala." Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa Buguruni.
Toka siku hiyo nauliza kwanza: Mombasa ipi?

#20 Bint Shangani
Hahaha pole. Ungekuja na huku Zanzibar ungepotea kabisa, maana na sisi tunayo Mombasa, ile ya kwa Mchina. Na siyo hiyo tu. Kisauni ipo Mombasa, na ipo hapa kwetu karibu na uwanja wa ndege. Malindi ni mji Kenya, kwetu ni mtaa wa Mji Mkongwe. Mbweni ipo Dar, ipo Unguja. Mtoni ipo Temeke na ipo kwetu, ile ya jumba alilozaliwa Salme, binti wa Sultani, mwaka 1844. Magomeni huku, Magomeni Dar, Magomeni Bagamoyo. Mnazi Mmoja huku, Mnazi Mmoja Dar. Shangani yetu, Shangani ya Mtwara, na Mogadishu nako kuna Shangani.

Ukitazama Dar na Unguja utadhani mtu alichukua karatasi akanakili.

#21 Mtoto wa Kunduchi
Bint Shangani umesahau la kwetu. Kunduchi ni Dar, Makunduchi ni Unguja kusini. Nasema Makunduchi ni watu wa Kunduchi waliovuka maji. Wajukuu zetu hao, waje wasalimie.

#22 Bint Shangani
Weee! Makunduchi wana Mwaka Kogwa wao, ile sherehe ya mwaka mpya, wana Kikae chao ambacho mimi wa mjini sikielewi wakizungumza haraka. Kwa nini isiwe nyinyi ndio mliotoka kwao mkadondosha "Ma" baharini?

#23 Mtoto wa Kunduchi
Kwetu kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Sisi wakubwa. Lakini Mwaka Kogwa ujao nakuja, mniandalie sehemu.

#24 Mwana Mvita
Utani mzuri, na ndani yake pana jambo. Turudi kwa watu. Katika Miji Tisa ya Mombasa kuna Wapate, kuna Wafaza, kuna Washaka, kuna Wakilifi, kuna Wamtwapa. Pate ni kisiwa cha Lamu, Faza iko huko huko, Kilifi na Mtwapa ni miji ya mwambao. Watu walihama kwa vita, kwa njaa, kwa biashara, wakaja Mombasa na jina la kwao juu ya kichwa kama mzigo. Ndiyo maana sisi hatushangai jina likiwa pahala pawili. Twauliza: nani alihama?

Na hiyo Shangani mliyoitaja, kama yatokana na mchanga: sisi kwa Kimvita mchanga twauita MTANGA. Nchi ni nti, njia ni ndia. Penye CH yenu sisi tuna T. Sasa Tanga ni tanga la jahazi, au ni mtanga?

#25 Mgosi wa Bumbuli
Tanga ni tanga la jahazi. Tusiguse huko, tutakesha.

#26 Bint Shangani
Na Shangani kwetu wengine wanasema ni mchangani, ufukweni. Wengine wanasema shanga, za kuvaa. Bibi yangu alikuwa wa shanga. Ukimwambia mchanga anakwambia "kama ni mchanga wangesema Mchangani, si ndipo palipo pale Darajani?" Na kweli, Mchangani ipo, mtaa mwingine kabisa.

#27 Mmakonde wa Mikindani
Mwana Mvita, mbona Mikindani mmetuibia? Ipo kwetu Mtwara, mji wa kale, Livingstone alianzia safari yake hapo 1866. Halafu naambiwa Mombasa nako kuna Mikindani.

#28 Mwana Mvita
Ipo, njia ya kwenda Jomvu. Hatukuiba, minazi huota popote. Mikinda si ni minazi michanga?

#29 Mmakonde wa Mikindani
Ndivyo tunavyoambiwa. Lakini mama mkwe wangu anasema mkinda ni ngoma ya wari, ya kuwatoa wasichana ndani. Kwa hiyo ama ni mahali pa minazi michanga, ama ni mahali pa kuwachezea wanawali. Mwanaume sikuruhusiwa kuuliza zaidi.

#30 Mzee wa Gerezani
Vijana, nimesoma yote. Niwape pacha ambao baba yao anajulikana, mpumzike. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi. Mmoja akasema hapa mtaani kwetu kwamba Nairobi waliiga Dar. Si kweli. Wote wawili wametokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 mpaka 1918, Carrier Corps. Waafrika wengi sana walichukuliwa kubeba mizigo ya vita ile, na wengi hawakurudi, magonjwa na njaa viliwamaliza. Dar kambi yao ilikuwa pale penye soko baada ya Waingereza kuingia 1916. Wenyewe walilitamka jina kwa ulimi wao, huku ikawa Kariakoo, kule Kariokor. Zanzibar pia kuna Kariakoo, watoto wanapocheza sikukuu.

Watu wananunua vitenge pale kila siku hawajui wanakanyaga jina la wapagazi. Hilo huniuma.

#31 Kilindoni Damu
Mzee, shikamoo. Asante. Nimefanya kazi Kariakoo miaka mitatu, sikuwahi kuambiwa.

#32 Mwalimu wa Nahau
Na tazameni: neno moja, midomo miwili, irabu zimetofautiana. A-I-A-O-O upande mmoja, A-I-O-O mwingine. Nakiri hapa kwamba hoja ya #6 imepata pumzi kidogo. Kidogo.

#33 Mpemba Asilia
Mimi niliwahi kutafuta tiketi ya ndege ya Pemba mtandaoni nikaletewa bei ya kutisha, na safari ya kuunganisha ndege mbili. Kumbe ni Pemba ya Msumbiji, ile iliyokuwa ikiitwa Porto Amélia mpaka 1975. Zambia nako ipo Pemba. Sisi Wapemba tumeenea jamani.

#34 Nyanza Kuu
Na Mwanza ya Malawi je? Na Nyanza ya Rwanda, Nyanza ya Kenya, Nyanza-Lac ya Burundi? Kwetu nyanza ni ziwa tu.

#35 Mpenda Visa
Wakuu, uzi umehama kutoka Mafia umefika Rwanda. Tumrudie mwenye uzi. Nahodha, hujajibu #6.

#36 Nahodha Mstaafu
Najibu. Kijana, ni kweli nje kuna kina. Lakini baharia hapaiti mahali kwa maji ya nje, anapaita kwa pale anapoteremka. Nina hoja ya lindo ambayo mwalimu hakuisema. Upande ule wa magharibi wa Mafia unatazama mlangobahari na midomo ya Rufiji. Kila chombo kinachotoka bara kwenda kisiwani kinaonekana mapema kutoka pale. Kama ningekuwa mimi wa kuweka mlinzi, ningemweka Kilindoni. Basi.

Ila Kilindini ya Mombasa nawaachia, ile ni kilindi. Na kivuko chetu cha kwenda Nyamisati, bara, kinaitwa MV Kilindoni, kwa hiyo sasa jina lenyewe linaelea baharini, mtalifuata wapi?

#37 Kilindoni Damu
Wakuu, nimempigia babu, mdogo wake babu yangu mzazi, yuko Mafia mpaka leo na bado anatengeneza nyavu. Nimemsomea #3 na #5 na #11 yote.

Amesema yeye alivyosikia kwa baba yake ni kilindo, walinzi wa vyombo. Nahodha na mwalimu, mmepata nguvu. Nikataka kukata simu nije nikubali hapa hadharani. Nikamsikia bibi nyuma anapaza sauti: "Muongo huyo! Mwambie siyo hivyo, kwao ni Jibondo, atajuaje ya Kilindoni?"

#38 Mchinga Kwetu
Bibi kasema nini sasa? Ni kilindi?

#39 Mwalimu wa Nahau
Mkuu tafadhali, muulize bibi sababu, na alisikia kwa nani. Andika maneno yake kama alivyoyasema, usinyooshe.

#40 Kilindoni Damu
Nimemuuliza. Kasema yuko jikoni, mchuzi utaungua. Nipige baada ya magharibi.